Mkataba wa dharura kujenga makutano ya barabara: haki au mlango wa uani?

#1 Mwana_Kikwajuni
Assalaam alaykum wana baraza.

Nimesoma habari ya baraza la jiji moja huko Marekani: limepitisha mkataba wa dharura wa kujenga makutano ya barabara kuu. Hakuna tangazo la zabuni gazetini, hakuna bahasha za kufunguliwa mbele ya mashahidi. Madiwani wamekaa, wamepiga kura, mkandarasi kaitwa kazini.

Nauliza, sisi wa Unguja tunashindwa na nini? Kila siku tunalia na foleni za Mwanakwerekwe na Amani. Mtu anatoka Darajani saa kumi na moja, Magharibi inamkuta bado yumo garini, na nyumba yake ni Fuoni tu hapo. Kama hii si dharura, basi dharura ni kitu gani? Naamini kabisa zabuni ndizo zinazotuchelewesha. Serikali itangaze dharura, ichukue mkandarasi mmoja anayejulikana, tumalize barabara za juu zote tunazozitaka.

Mwenye fikra nyengine karibu, ila msinitukane.

#2 Shangani_Kona
W/salaam. Anayejulikana na nani?

#3 Dereva505
Mimi nnaunga mkono kabla sijasoma mengine. Njia yangu ya Uwanja wa Ndege, Kwerekwe sipiti, lakini Kwerekwe ikikwama kila mwenye gari lake anajifanya mjuzi wa njia za ndani na mwisho wote wanatokea Mazizini mbele yangu. Mafuta yanaungua, abiria wananuna, na tajiri jioni anataka hesabu yake kamili. Tangaza dharura tu, yakhe.

#4 Karani_Mstaafu
Mwanangu Kikwajuni, niruhusu nikupinge kwa adabu. Nimekaa upande wa ununuzi kwenye ofisi moja ya umma mpaka nywele zikageuka rangi.

Dharura kwenye sheria za ununuzi haipimwi kwa machungu ya mtu. Hapa kwetu Zanzibar tuna Sheria Namba 11 ya 2016 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma. Bara wana yao Namba 10 ya 2023. Ukitaka kuona mawazo yanatoka wapi, soma sheria ya mfano ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara) ya 2011, ambayo nchi nyingi huitazama zinapotunga zao. Kwenye haja ya haraka wameweka sharti lenye vichwa viwili: jambo liwe halikuweza kuonekana mapema, na haraka yenyewe isiwe imeletwa na uzembe wa taasisi inayonunua. Na kumchukua mzabuni mmoja peke yake kwa sababu ya haraka wamekubana zaidi: mpaka yawe maafa.

Foleni ya Mwanakwerekwe imeota mbele ya macho yetu sote. Nani atasema hakuiona?

Na nikupe kisa. Kila masika ilikuwa ikifika mezani kwangu barua ya kuomba ununuzi wa dharura wa kutengeneza kalvati moja, lile lile. Safari moja nikainyanyua barua kwenye mwangaza wa dirisha: mwaka wa nyuma umefutwa kwa wino mweupe, mwaka mpya umeandikwa juu yake kwa kalamu. Maneno yote mengine hayajaguswa. Hata "mafurko" lilikuwa bado "mafurko", bila ya i.

#5 Bi_Mtoni
Ami Karani, shikamoo. Na barua ulipitisha?

#6 Karani_Mstaafu
Marahaba Bi Mtoni. Nilipitisha. Kalvati lilikuwa limeshaondoka na maji na watoto wa upande wa pili hawavuki kwenda skuli. Ungefanyaje? Ndipo mtego ulipo: uzembe wa miezi kumi na moja, mwezi wa kumi na mbili unageuka dharura ya kweli, na mwenye kukataa saini ndiye anayeonekana mbaya.

#7 Msomi_Tunguu
Ahsante mzee wetu. Nyongeza ya mifano ya huko huko Marekani, maana Kikwajuni kautaja mji bila hata jina.

Aprili 29, 2007 lori la petroli lilipinduka na kuwaka kwenye makutano ya MacArthur Maze, Oakland, California. Moto ukalainisha vyuma, kipande cha barabara ya juu kikaiangukia ya chini yake. Ikatangazwa dharura, kazi akapewa mkandarasi C.C. Myers bila zabuni, na Mei 24 magari yakapita.

Myers huyo huyo ndiye aliyeijenga upya barabara ya Santa Monica mjini Los Angeles baada ya tetemeko la Northridge la Januari 17, 1994. Alipewa siku 140, akamaliza siku 74 kabla ya muda. Kila siku aliyookoa alilipwa dola 200,000. Fanyeni hesabu wenyewe.

Halafu Philadelphia, Juni 11, 2023: lori la petroli tena, moto tena, daraja la barabara kuu ya I-95 chini. Njia ikafunguliwa baada ya siku 12.

Kwa hiyo dharura inafanya kazi. Tatizo ni nani anaiendesha.

#8 Dereva505
Dola milioni 14 na laki nane kwa kuwahi? Mimi nikiwahi naambiwa nakimbiza gari.

#9 Kijana_Ughaibuni
Msomi, hapo Oakland rekebisha. Zabuni ilikuwepo. Iliminywa ikawa ya siku chache, makampuni yakaleta bei, zikafunguliwa Mei 7. Myers alishinda kwa dola 867,075 wakati makadirio ya serikali yenyewe yalipita milioni 5. Hakuwa mwendawazimu. Mkataba ulikuwa na bonasi ya dola 200,000 kwa kila siku atakayowahi, mwisho milioni 5, na tarehe ya kumaliza ilikuwa Juni 27. Akaiwahi kwa zaidi ya mwezi na kikomo chote akakichukua.

Mfano huu unambeba Mzee Karani kuliko Kikwajuni. Dharura ilifupisha zabuni, haikuifuta.

#10 Msomi_Tunguu
Zabuni ya siku chache kwangu bado ni mlango wa uani, ila umepakwa rangi. Tarehe nazikubali.

#11 FundiNondo
Salamu zenu. Mnabishana kwenye karatasi, acheni niwashushe site kidogo.

Hiyo mifano yote ya Msomi ni kujenga tena kitu kilichokuwepo. Ardhi ni ya serikali tangu zamani. Michoro imo kabatini. Udongo unajulikana. Mabomba na nyaya zilishahamishwa miaka mingi nyuma. Na Philadelphia msidanganywe na siku 12: walichofanya ni kulijaza lile shimo kwa kokoto nyepesi za vioo vilivyochakatwa, wakapiga lami juu yake, magari yakapita. Daraja lenyewe lilijengwa baadaye pembeni mwa magari yanayopita. Tena mkandarasi, Buckley, alikuwa tayari na mitambo kwenye kipande cha jirani cha barabara hiyo hiyo. Hawakumtafuta, walimgeuza uso tu.

Sasa njoo kwenye makutano mapya, hapa kwetu. Unguja sehemu kubwa tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hili lina mapango. Unatoboa kupima, unakuta gumu, gumu, gumu, halafu ghafla mtambo unadondoka hewani, halafu maji. Unasogea hatua chache unatoboa tena, unakuta mambo mengine kabisa. Kila nguzo ya msingi inataka urefu wake. Huwezi kuagiza nondo za nguzo zote kwa kipimo cha moja. Ukiharakisha hapa, utakuja kulipa wakati daraja lishakaa.

Halafu mabomba ya maji ya ZAWA, nyaya za umeme za ZECO, nyaya za simu. Michoro ya zamani na kilichomo chini havijuani. Kazi moja niliyokuwepo tulichimba mahali ambapo mchoro unasema pakavu, tukakutana na bomba kubwa kuliko paja la mtu. Tukalipasua. Mitaa miwili ikakaa bila maji wiki nzima.

Halafu fidia. Halafu zege lenyewe: linapimwa siku ya 7 na siku ya 28, na halijali mheshimiwa gani kasaini nini. Mteue mkandarasi leo saa nne asubuhi bila karatasi yoyote, atakaa na kreni yake anasubiri nguzo ya umeme iondoshwe. Muda haupotei kwenye bahasha za zabuni. Unapotea chini ya ardhi.

#12 Dada_Kwerekwe
Kumbe nyinyi ndo mnaotukatia maji!

Mimi nina duka la vyakula, sitaji ni karibu na kazi gani. Asubuhi moja nakuja kufungua nakuta mabati yamesimamishwa mbele ya mlango, limebaki pito la mtu mmoja wa kiwiliwili chembamba. Mteja wa gunia la mchele atapita wapi? Mchukuzi alijaribu kwa ubavu, gunia likakwaruzwa na bati likachanika, mchele ukamwagika kwenye kifusi. Nikauokota nikaupeta, kuku wa jirani wakanishukuru. Siku ya pili likapasuka bomba, maji rangi ya chai ya maziwa yakaingia mpaka chini ya rafu za sembe.

Nikamuuliza kijana mwenye kofia ya plastiki, kazi hii itakwisha lini? Akanambia, "Sisi tunasubiri watu wa umeme." Watu wa umeme nikawakuta, wakanambia wanasubiri barua. Barua ya nani, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo mie hata sijui niko upande gani. Dharura yangu haina mkataba.

#13 Dereva505
Dada pole. Kuku wamekula mchele wa biashara, sasa ni kuku wa kitajiri hao.

#14 Bara_Pwani
Wakuu habari za visiwani. Mimi ni wa Tanga, ruksa nichangie.

Mnaoona dharura ni dawa mmesahau Richmond? Mwaka 2006 ukame ulishusha maji kwenye mabwawa ya umeme, nchi ikaingia mgao. Hiyo ilikuwa dharura ya kweli, hakuna ubishi. Ukasainiwa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni hiyo ya Richmond, ambayo haikuwa na uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, ripoti ikasomwa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Mitambo ilikuja baada ya mvua kurudi.

Dharura ilikuwa ya kweli, mkataba ndio ulikuwa wa mashaka. Msichanganye hivyo viwili.

#15 Mwana_Kikwajuni
Bara_Pwani, hapo unatia hofu tu. Zabuni za wazi mbona nazo zina mashaka yake? Ripoti za wakaguzi kila mwaka zinasomwa Baraza la Wawakilishi na Bungeni, na mengi yanayotajwa humo yalipita kwenye zabuni, bahasha na mihuri yote. Mwizi hazuiliwi na tangazo la gazeti.

#16 Bara_Pwani
Hazuiliwi, ila anaacha nyayo. Kwenye dharura hata nyayo hakuna.

#17 Mpemba_Pujini
Nyie wa Unguja mna raha. Mnabishana barabara ipite juu au chini, sie tunataka ipite.

Mie dharura naijua kwa bahari. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikija Pemba. Skagit ikazama Julai 18, 2012. Watu wetu wamekufa, wengine hatukuwaona mpaka leo. Kama kuna siku ilistahili mtu avunje taratibu zote aende kununua meli nzima usiku ule ule, ni hiyo. Mapinduzi II imefika mwishoni mwa 2015. Taratibu zilifuatwa, meli ikaja mpya kutoka Korea, nashukuru. Lakini hesabuni wenyewe miaka.

Kwa hiyo mie niko na Kikwajuni, ingawa simpendi.

#18 Mwana_Kikwajuni
Ahsante kwa nusu ya maneno yako.

#19 Shangani_Kona
Mpemba, kwa meli mimi nachukua upande wa pili. Ingenunuliwa ya haraka haraka mwaka ule ule, ingekuwa chakavu la mtu mwengine, na uchakavu na kujaza ndivyo vilivyotuua.

Mfano wangu ni giza. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, waya wa chini ya bahari wa 1980 umekufa. Mnakumbuka? Miezi mitatu. Mjini kote sauti za jenereta, maji hakuna kwa sababu pampu hazina umeme, watalii wanaondoka. Tena Mei na Juni ya 2008 tulishaonja mwezi mzima wa hali hiyo, kwa hiyo onyo lilikuwepo. Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, umezinduliwa 2013. Na mkataba wa fedha hizo ulisainiwa Februari 2008, kabla hata ya giza la kwanza! Mahitaji yalikuwa yanajulikana, fedha zilikuwa njiani, giza likatupata katikati.

Dharura hapo ilikuwa kununua jenereta, na waya wenyewe ukaenda kwa utaratibu wake. Ndivyo inavyotakiwa, cha haraka kishike pumzi, cha kudumu kipimwe vizuri.

#20 Mpemba_Pujini
Wakati nyie mko gizani, sie Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha yanaunguruma, na jamaa zetu wa Unguja wanatupigia simu kuuliza kama kuna nafasi ya kulala. Halafu 2010 waya wa Tanga ukatufikia. Hii nimeiweka tu kwa kumbukumbu.

#21 Bi_Mtoni
😂😂 Simu zenyewe mlikuwa hampokei.

#22 Mwana_Kikwajuni
Fundi alisema mifano yote ni Marekani na ni viraka. Basi Genoa, Italia. Daraja la Morandi lilianguka Agosti 14, 2018, watu 43 wakafa. Daraja jipya limezinduliwa Agosti 3, 2020. Chini ya miaka miwili, limejengwa kutoka msingi, na katikati yake kuna korona. Aliyesimamia ni meya wa jiji wa wakati huo, Marco Bucci, alipewa madaraka maalum. Nani atasema hicho ni kiraka?

#23 Kijana_Ughaibuni
Genoa ni mfano mzuri, ila usimeze mzimamzima. Ilitungwa amri maalum ya serikali, Bucci akawa kamishna mwenye ruhusa ya kuziweka kando karibu sheria zote za kawaida. Zilizobaki ni za jinai, za kupambana na mafia na wajibu wa Umoja wa Ulaya. Fikiria nchi inayotaka kwenda mbio kabisa lakini kwenye mafia inasema hapana, hapo hatufungui mlango. Mchoro alitoa Renzo Piano, mzaliwa wa hapo hapo. Wajenzi ni makampuni makubwa ya kwao, Salini Impregilo na Fincantieri, kazi ya takriban euro milioni 202. Na bili ikaelekezwa kwa kampuni iliyokuwa ikiiendesha barabara ile, kwa hiyo fedha haikuwa kikwazo.

Tuna nini hapo cha kuiga? Amri ndogo yenye mipaka imeandikwa. Siyo "tangaza dharura tu".

#24 FundiNondo
Na Genoa ardhi ya kupita njia ilikuwa hiyo hiyo ya daraja la zamani. Narudia wimbo wangu, samahanini. Ila kwa misingi nakubali, walichimba upya na walichimba usiku na mchana. Fedha ikiwa mkononi, zamu tatu za mafundi zinawezekana. Hapa kwetu zamu ya usiku inakufa kwa sababu hati ya malipo ya miezi iliyopita bado iko kwenye meza ya mtu.

#25 Mkadiria_Majenzi
Fundi kagusa penyewe kisha kapita. Mimi kazi yangu ni kukadiria majenzi, na nitasema lisilopendwa: mkandarasi hachelewi kwa zabuni wala kwa mapango. Anachelewa kwa malipo. Mkataba unasema atalipwa ndani ya siku kadhaa baada ya mshauri elekezi, yaani mhandisi anayeisimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, kuidhinisha hati. Zikipita, anapunguza vibarua kwanza, halafu anahamisha greda kwenda kazi nyengine, halafu anabakisha mlinzi na mabati. Mnapita mnasema "Mchina kalala". Hajalala, yuko kwenye kazi inayomlipa.

Na mkataba wa dharura bei zake ni za juu, kwa sababu hakuna wa kushindana naye. Ukishachelewa kulipa na riba ikaanza kukatika juu ya bei hiyo ya juu, utatamani zabuni.

#26 Karani_Mstaafu
Mkadiria kasema kweli kwa sehemu. Lakini zabuni nazo zina siku zake: tangazo, tathmini, kipindi cha kusubiri malalamiko, malalamiko yenyewe, idhini ya mkopeshaji kama fedha ni za mkopo. Nimeona jalada la kazi ya kawaida kabisa likitembea meza hadi meza kwa muda ambao nyumba ingejengwa. Fundi anaposema muda haupotei kwenye bahasha, ni kwa kuwa yeye anaitwa zikishafunguliwa.

Na jengine ambalo Kikwajuni kalipitia mbali. Huko Marekani kawataja madiwani. Hapa kwetu Baraza la Jiji na mabaraza ya manispaa wana masoko, taka, mitaro. Barabara kuu na makutano yake ni mambo ya wizara ya ujenzi na wakala wa barabara. Hata wakitaka kutangaza dharura ya Amani, madiwani wetu hawana kalamu ya kuisaini.

#27 Bi_Mtoni
Niulize mimi nisiye mhandisi. Naskia kila mahali "AFCON, AFCON". Mashindano ya 2027 tulipewa pamoja na Kenya na Uganda mwezi Septemba 2023. Je, mtu akija kusema barabara fulani ni dharura kwa sababu ya AFCON, hiyo inakubalika? Mimi nikialika harusi nikatoa na kadi, siwezi kushtuka siku ya harusi kwamba wageni wamekuja.

#28 Karani_Mstaafu
Bi Mtoni umewashinda wanasheria. Tarehe inayojulikana karibu miaka minne mbele haiingii.

#29 Msomi_Tunguu
Siyo moja kwa moja, ami. Tukio linajulikana, ndiyo. Lakini kikitokea kitu katikati, mfano mkandarasi kafilisika au mvua imeondoka na tuta, hilo jipya laweza kuwa dharura hata kama mashindano yenyewe si dharura. Bara mwaka 2024, baada ya El Niño na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika na madaraja yakajengwa kwa fungu la dharura la mkopo wa Benki ya Dunia. Hakuna aliyesema wangengoja.

#30 Shangani_Kona
Na masika ya mbele yake, kusini huko huko barabara ikakatika tena. Hapo Mzee Karani na kalvati lake anacheka.

#31 Dereva505
Mimi naona tuwaite Wajapani waliojenga barabara ya juu ya Ubungo, Dar, mambo yaishe.

#32 Bara_Pwani
Mkuu Dereva, Wajapani ni makutano ya TAZARA, daraja la Mfugale, msaada wa Japani, limefunguliwa Septemba 27, 2018. Ubungo, yaani Kijazi, ni ya ngazi tatu, kampuni ya CCECC ya China kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Jiwe la msingi Machi 2017, kufunguliwa Februari 24, 2021. Karibu miaka minne, hakuna dharura yoyote, na watu tulikula vumbi mpaka tukalizoea.

#33 Dereva505
Mjapani, Mchina, mimi nnataka kupita.

#34 Msimamizi
Posti tatu za siasa za vyama zimeondolewa. Uzi unahusu ununuzi na ujenzi. Endeleeni.

#35 Kijana_Ughaibuni
Niongeze jambo kuhusu bonasi, kwa sababu nadhani ndiyo sehemu ya kuiba mawazo. California hawakumwamini Myers kwa uso wake. Waliiwekea siku moja bei: ukiwahi tunakulipa, ukichelewa tunakukata kiasi hicho hicho. Ili ufanye hivyo lazima kwanza ujue siku moja ya barabara kufungwa inaugharimu mji kiasi gani. Je, Amani siku moja ni shilingi ngapi? Nani kaihesabu? Bila hiyo hesabu, bonasi ni zawadi tu.

#36 Mkadiria_Majenzi
Na bila fedha taslimu ya kuilipa, bonasi ni deni jengine. Ila wazo nalipenda.

#37 Bi_Mtoni
Na mimi bado nashangaa hakuna aliyeuliza kama tungekuwa na mabasi makubwa mazuri, hizo barabara za juu tungezihitaji ngapi. Gari moja mtu mmoja, gari moja mtu mmoja, mpaka Kwerekwe.

#38 Mwana_Kikwajuni
Bi Mtoni, anzisha uzi wako 😀. Mimi nimesoma yote, na bado sijaona mtu aliyenambia kwa nini foleni ya miaka isiitwe maafa. Mzee Karani anasema ilionekana. Sawa. Aliyeiona hakufanya kitu, na ninayeumia ni mimi. Kwa hiyo uzembe wao unaninyima mimi haraka? Hiyo ndiyo sheria?

#39 Karani_Mstaafu
Ndiyo sheria. Sikusema ni tamu.

#40 Mpemba_Pujini
Kikwajuni hapo nimeanza kukupenda kidogo.

#41 Dada_Kwerekwe
FundiNondo, samahani nakutoa kwenye mada. Mabati bado yapo mlangoni kwangu. Duka ni la kukodi, kwa hiyo kwenye orodha ya fidia kaandikwa mwenye nyumba, mimi simo. Mchele na sembe zilizoroa nadai kwa nani?

#42 FundiNondo
Dada, jengo na ardhi ni habari ya mwenye nyumba, lakini mali iliyoharibika kwa bomba walilolipasua wao ni habari nyengine. Usiende kwa yule kijana wa kofia. Piga picha za rafu, gunia na mabati, zionekane na tarehe. Andika orodha ya vitu na bei ulizonunulia, uambatishe risiti zako. Mwite sheha aje aone kwa macho yake aweke muhuri. Halafu peleka nakala kwa mshauri elekezi wa mradi, ofisi yake huwa kwenye kontena hapo hapo site, wakusainie kitabu cha kupokelea. Mkandarasi wa kazi kama hizi kwa kawaida anatakiwa awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na mshauri ndiye anayejua ni ya kampuni gani. Karatasi halisi usimpe mtu, baki nazo. Wakikuzungusha rudi hapa useme.